Namna ya Kuishi na Printa ya Bei Chee Bila Kuaibika

Umeshainunua. Usijitetee, na wala usimsake aliyekushauri. Ulipita Kariakoo, au uliikuta kwenye mabanda ya Sabasaba, ukasoma kwenye boksi kwamba inaprinti, inaskani na inatoa kopi, ukalinganisha bei yake na ya simu iliyo mfukoni mwako, ukaona ni ya kutupa. Ukarudi nayo Kurasini kwa bajaji, boksi umelipakata. Sasa iko mezani, na majirani wameshajua.

Kuanzia hapa nifuate mimi. Mashine hii ina hila zake, nawe huna budi kuwa na za kwako. Nitakupa zote ninazozijua, na nitakuambia pia ni ipi usiiguse.

1. Jua ulichobeba

Ndani ya boksi lile kuna vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Juu kuna skana, kifaa cha maana, kitakachokutumikia miaka mingi bila kudai chochote zaidi ya kufutwa kioo. Chini kuna printa, na hiyo imewekwa pale ili ununue wino. Bei ya boksi ilishushwa kwa makusudi kwa sababu faida ya kampuni iko kwenye katriji.

Chukua katriji nyeusi ya HP 123, ambayo wenye printa ndogo wengi wanaijua. Kampuni yenyewe inasema inatoa kurasa takriban 120. Rimu ya karatasi ina karatasi 500. Utatumia katriji nne na bado rimu itabaki na karatasi nyeupe. Tuseme umeipata hiyo katriji kwa shilingi 40,000. Gawanya kwa 120: kila ukurasa umekula zaidi ya shilingi 330, na hapo hujagusa bei ya karatasi wala umeme. Steshenari ya barabarani itakutolea ukurasa huo huo kwa chini ya hapo, na dada wa pale atakubania na pini.

Tena hizo 120 ni za maabara, ambako kurasa zinatolewa mfululizo na joto la chumba limedhibitiwa. Wewe utaprinti mbili leo, ya tatu Jumatatu ijayo, na kila mashine inapoamka inajisafisha kwa wino uleule uliolipia wewe.

Usihuzunike. Mpango wetu ni kutumia skana sana, printa kidogo, na kuhakikisha heshima yako mtaani haipungui hata nukta.

2. Usizime ukutani

Sisi watu wa LUKU tumelelewa kuzima kila kitu ukutani. Kwa pasi ni sawa. Kwa printa ya wino unajiibia mwenyewe.

Ukibonyeza kitufe chake cha kuzimia, kichwa chenye matundu ya wino kinarudi pembeni, kinajifunika kwenye kifuniko cha mpira, ndipo mashine inalala. Ukikata umeme kichwa kikiwa katikati ya safari, kinabaki wazi, na wino unakaukia kwenye matundu ambayo ni membamba kuliko unywele. Kesho yake maandishi yanatoka na mistari myeupe, unabonyeza usafishaji mara ya kwanza, mara ya pili, na kila usafishaji unamwaga wino kwenye sponji lililo chini ya mashine. Sponji hilo lina kikomo, na printa nyingi zinahesabu. Hesabu ikitimia, mashine inagoma kabisa hata kama katriji imejaa.

Kwa hiyo zima kwa kitufe, subiri taa na kelele vikome, ndipo uzime ukutani kama roho haitulii. TANESCO wakikata katikati ya kazi, umeme ukirudi iwashe, iache imalize mngurumo wake, izime kwa kitufe. Na mara moja kwa wiki printi ukurasa mmoja wenye mistari ya rangi zote. Hiyo ni gharama ndogo ya kuzuia gharama kubwa.

3. Jaza wino, na usione haya

Kuna watu watakutisha kwamba kujaza katriji ni wizi. Wajibu kwa kesi. Tarehe 30 Mei 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu katika shauri la Impression Products dhidi ya Lexmark. Lexmark ilitaka kuzuia katriji zake za toneri zisijazwe na kuuzwa tena na watu wengine. Jaji Mkuu John Roberts akaandika kwamba mwenye hataza akishauza kitu, haki yake ya hataza juu ya kitu hicho imekwisha. Hiyo ni sheria ya kwao, siyo yetu, lakini hoja inaeleweka hata Mivinjeni: umenunua, ni chako.

Na kujaza kumewahi kubadilisha biashara nzima. Mafundi wa Indonesia walizoea kutoboa printa za katriji na kuzichomekea mirija iliyounganishwa na chupa za wino nje. Epson walipoamua kutoa printa zenye matangi ya wino, mwaka 2010, walianzia hukohuko Indonesia. Printa ya tangi unayoitamani leo kwenye ofisi ya wakala wa forodha ilianzia kwa mafundi wa mtaani wasiokubali kuibiwa.

Basi fanya hivi. Nunua chupa za wino zinazolingana na aina ya mashine yako, na mabomba ya sindano mapya duka la dawa, moja kwa kila rangi. Tandaza gazeti. Vaa nguo usiyoipenda. Bandua karatasi ya juu ya katriji. Nyeusi mara nyingi ina tundu la kujazia moja, ya rangi ina matatu. Chovya kijiti cha meno kila tundu uone ni rangi gani, kwa maana ukitia njano kwenye buluu utaprinti kijani mpaka ukome. Sukuma wino taratibu, ukiona unapanda juu, simama. Gusisha uso wa katriji kwenye tishu mpaka ukauke, irudishe, safisha mara moja, printi.

Mashine itaendelea kukwambia wino umeisha. Usiisikilize, angalia karatasi. Ila usisubiri maandishi yapotee kabisa ndipo ujaze. Katriji zenye vichwa vyake zenyewe huchemsha wino ili kuurusha, na wino huohuo ndio unaokipoza kichwa. Kikichemka kikavu kinaungua, na hapo hakuna sindano itakayokusaidia. Katriji nzuri inavumilia kujazwa mara kadhaa, kisha inakufa. Ikifa usiilaumu, imeshakulipa.

Jambo moja zaidi. Mashine ikiunganishwa na intaneti itakuomba ruhusa ya kujisasisha. Kataa. Mwezi Septemba 2016 wenye printa za HP katika nchi nyingi walikuta katriji za kampuni nyingine zimeanza kukataliwa, na kabla mwezi haujaisha kampuni ikaomba radhi kwa jinsi ilivyoshindwa kuwaeleza wateja, ikaahidi njia ya kuondoa kizuizi hicho. Zima usasishaji wa kujiendesha siku ya kwanza kabisa, kabla hata hujaprinti ukurasa wa majaribio.

4. Ilinde na hewa ya Kurasini

Mwandishi wa kile kijitabu cha maelekezo hakuwahi kukaa karibu na bandari. Hapa kwetu kuna unyevu wa mkondo wa bahari na vumbi la malori ya makontena yanayopita Barabara ya Mandela na ya Kilwa usiku na mchana. Vyote viwili vinaingia dirishani.

Karatasi hunyonya unyevu, zikagandana, mashine ikavuta tatu kwa mpigo ikabanwa. Usiache rimu nzima kwenye trei. Weka karatasi chache za kazi ya leo, kabla ya kuziweka zichezeshe kingo kwa vidole kama mcheza karata, na zilizobaki zifungie kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Ile mifuko ya plastiki tuliyokuwa tukifungia kila kitu ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na ndoo inafanya kazi vizuri zaidi.

Juu ya mashine tandika kitambaa cha kufuma, kilekile cha kufunikia redio. Watu watadhani ni pambo. Kinazuia vumbi, na kinazuia mjusi kulala kwenye joto la ndani. Ukimaliza kazi usiache sahani ya chakula karibu, sisimizi wanapenda printa kuliko wewe unavyoipenda.

Zima pangaboi wakati wa kuprinti, la sivyo ukurasa wa nne utaukuta uvunguni.

Karatasi ikikwama, zima, chomoa waya, fungua mlango wa nyuma, ivute polepole kwa mikono miwili kuelekea kule inakotokea. Hakikisha imetoka nzima. Kipande cha ukubwa wa ukucha kikibaki ndani kitakwamisha kila kitakachofuata, na fundi atakutoza kwa kukitoa tu.

5. Itawaze skana

Hapa ndipo pesa yako inaporudi. Siku hizi ofisi nyingi hazitaki karatasi yako, zinataka picha ya karatasi yako. Anayeomba kazi serikalini anapandisha vyeti kwenye Ajira Portal. Mwanafunzi anayeomba mkopo wa HESLB anajaza fomu mtandaoni, anaprinti kurasa za sahihi, anakimbia nazo serikali ya mtaa na kwa wakili, kisha anaziskani na kuzirudisha kwenye mfumo. Wakala wa forodha ana bili ya shehena ya kutuma kabla kontena halijaanza kula gharama za kukaa bandarini. Wote hao wanahitaji kioo kile cha juu, na kioo hakinywi wino.

Keti jioni moja uskani kila kitu ulicho nacho: vyeti vya shule, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA mbele na nyuma, namba ya mlipa kodi, cheti cha ndoa, mkataba wa nyumba, hati ya kiwanja cha Chanika. Nukta 200 hadi 300 kwa inchi zinatosha kwa maandishi. Ukipandisha zaidi faili linakuwa zito na mfumo utalikataa. Hifadhi kwa PDF, lipe kila faili jina linaloeleweka, weka nakala kwenye simu, kwenye barua pepe na kwenye flashi iliyofichwa kabatini. Siku tangazo la kazi litakapotoka mwisho wake saa sita usiku, wewe utakuwa umeshatuma huku wenzako wanagonga mlango wa steshenari iliyofungwa.

Angalizo: kuna mashine zinazogoma kuskani wino ukiisha. Mwaka 2021 mteja mmoja Marekani aliishtaki Canon akidai jambo hilohilo. Kwa hiyo katriji ikiisha usiichomoe na kuitupa kabla hujapata nyingine. Iache mahali pake, ujaribu kuskani kwa kompyuta au simu badala ya kubonyeza kitufe cha kopi. Mashine nyingi hukubali.

6. Wapokee majirani kwa mkakati

Watakuja. Mtoto wa nyumba ya pili, mwalimu wa tuisheni, katibu wa jumuiya, mpangaji mwenzio, mjumbe mwenye orodha ya mchango wa ulinzi. Wote wanataka kopi moja tu. Kopi moja ya mtaa mzima ni katriji.

Jibu lako ni "wino umeisha." Liseme bila kupepesa macho, na hutakuwa umedanganya, kwa sababu printa ya rangi haikosi rangi moja iliyokauka. Lakini usiishie hapo, maana ukikataa kavukavu utaitwa mchoyo mpaka Keko. Toa kitu badala yake, na kitu hicho ni skana.

"Shikamoo anko. Mama amesema anaomba umtolee kopi ya cheti cha kliniki."

"Marahaba mwanangu. Mwambie mama wino umekata, ila nipe hicho cheti nikiskani, namtumia sasa hivi kwa WhatsApp. Akifika steshenari atakitoa vizuri kuliko hapa."

Umeona? Mtoto ameondoka na cheti chake, mama amepata faili ambalo halitapotea, nawe umebaki na sifa ya mtu anayejua kompyuta. Hiyo sifa ndiyo uliyoinunulia printa, tusifichane. Hujatumia tone.

Kamati ya harusi ikija na wazo la kuprinti kadi za michango kwako, waambie mashine haipitishi karatasi ngumu. Kwa printa nyingi ndogo hilo ni kweli tupu, kwa kuwa karatasi inapindwa kabla ya kutokea mbele, na kadi ngumu inakwama palepale kwenye kona.

Mama mwenye nyumba usimpe habari za wino. Mtolee, tena kwa ubora wa juu, umpelekee mwenyewe kwenye bahasha.

Na msiba ni jambo jingine kabisa. Wakija saa tano usiku wanataka ratiba ya mazishi au majina ya kamati, washa mashine, weka karatasi, usihesabu. Katriji ikiishia hapo, imeishia mahali pazuri.

7. Kazi kubwa zipeleke steshenari, kimyakimya

Hii ndiyo hila kuu, na wenye printa ya bei chee wote wenye akili wanaitumia ingawa hawasemi. Barua ya maombi ya kazi, wasifu, ripoti ya mafunzo kwa vitendo, fomu ya pasipoti ya kupeleka Uhamiaji, mkataba wa kurasa ishirini: usiviprinti nyumbani. Vitume steshenari, ukavichukue kwenye bahasha ya kaki, na uingie navyo ofisini kana kwamba vimetoka mezani kwako usiku.

Sababu siyo bei peke yake. Printa kubwa za steshenari nyingi zinatumia toneri, ambayo ni unga wa plastiki unaoyeyushwa kwa joto na kushikana na karatasi. Wino wa printa ndogo, hasa wa rangi, una maji ndani yake, na maji yakirudi unayeyuka. Fikiria safari ya kutoka Kurasini hadi Posta mwezi wa Aprili, masika imekolea, umesimama kwenye gari umeshika bahasha kwa mkono unaotoka jasho. Barua ya toneri itafika na herufi zake zote. Ya wino itafika na jina lako limetanda hadi ukingoni.

Ukienda, nenda kwa utaratibu. Tuma PDF, usitume Word, kwa kuwa kompyuta ya pale ikikosa aina ya herufi uliyotumia, ukurasa wako mmoja unakuwa miwili na sahihi inabaki peke yake upande wa pili. Mwambie mhudumu mapema kama unataka mbele na nyuma. Usichomeke flashi yako ya vyeti kwenye kompyuta iliyochomekwa flashi za kata nzima. Utarudi na virusi.

Na kabla hujaondoka, omba faili lako lifutwe, na hakikisha umejitoa kwenye WhatsApp ya ile kompyuta. Angalia siku moja kioo cha kompyuta ya steshenari yoyote: kimejaa wasifu, vitambulisho na mikataba ya watu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na bado nakala za vitambulisho vyetu zinalala wazi kwenye kompyuta za barabarani. Hilo linanikera kwa dhati, na ndiyo maana hatua inayofuata nakuomba uishike.

8. Vya siri viprinti nyumbani, hata ikigharimu

Majibu ya hospitali. Taarifa ya benki. Hati ya kiwanja. Wosia. Barua ya kuacha kazi ambayo bosi hajaiona. Talaka. Hapa shilingi 330 kwa ukurasa ni rahisi mno. Printa mbovu iliyo ndani ya mlango wako uliofungwa ni salama kuliko mashine nzuri inayosomwa na foleni nzima mgongoni mwako.

Kwa kurasa hizi za nyumbani, bana wino kadiri uwezavyo. Chagua ubora wa rasimu na rangi nyeusi tupu. Mashine isipoelekezwa hivyo inaweza kuchanganya rangi zote tatu kutengeneza weusi. Badili pia mwandiko. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Wisconsin, tawi la Green Bay, kilihama kutoka Arial kwenda Century Gothic katika barua pepe zake, kikieleza kuwa mwandiko huo unatumia wino pungufu kwa takriban asilimia 30. Herufi zake ni pana, kwa hiyo angalia usije ukaokoa wino ukaongeza karatasi. Picha ya wasifu, nembo ya rangi na mistari ya mapambo ondoa. Picha za pasipoti usijaribu kabisa, nenda studio.

9. Usiguse muhuri

Nilikuahidi kukuambia ipi usiiguse. Skana nzuri na printa ya rangi mezani zinakupa wazo: muhuri wa mtendaji uko kwenye barua ya mwaka jana, ofisi imefungwa, kesho ni mwisho, si nitauhamisha tu?

Usithubutu. Huko ni kughushi, ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na hakuna namna ya kulifanya kwa ustaarabu. Haijalishi kwamba ungepewa muhuri huo bure asubuhi. Mtu akija na ombi hilo kwako, awe ndugu au rafiki, mrudishie karatasi yake na flashi yake. Tunaihadaa mashine na kampuni ya wino. Nyaraka za watu hatuzichezei.

10. Ikikuaibisha mbele ya watu

Itafanya hivyo, tena siku kuna mgeni. Usiipige kofi. Usiitukane mbele ya shemeji. Usibonyeze mara kumi, kwa maana ikizinduka itatoa nakala kumi.

Ikitoa mistari myeupe, chukua kalamu, pitia maneno, sema, "Hii ni nakala ya kuhakiki, safi utaipata kesho." Kisha pitia hatua ya saba. Rangi zikitoka waridi badala ya buluu, badili kuwa nyeusi na useme nyaraka rasmi hazitaki rangi, hakuna atakayebisha. Ikigoma kabisa kuonana na simu, chomeka waya wa USB. Waya haupendezi, lakini haupotezi mtandao, na huo waya mara nyingi haumo kwenye boksi, kwa hiyo ununue kabla hujauhitaji.

Matundu yakiziba baada ya safari ndefu ya kwenda kijijini, usianze na usafishaji wa mashine unaokunywa wino. Kama katriji yako ina kichwa chake yenyewe, itoe, ilaze uso chini juu ya tishu iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, ifute taratibu, irudishe. Mara nyingi inafufuka. Isipofufuka mara ya pili, mwite fundi kwa simu kwanza, umtajie aina ya mashine na uulize bei. Akitaja kinachokaribia bei ya printa mpya, mshukuru na ukate.

11. Jua siku ya kuachana nayo

Utaijua kwa hesabu, usingoje hasira. Ukiona unamaliza rimu kila baada ya miezi miwili, labda umeanzisha tuisheni, au umekuwa wakala, au watoto wamefika kidato cha nne, printa ya katriji haikufai tena. Chupa nyeusi ya Epson 103 ina mililita 65 na kampuni inasema inatoa kurasa 4,500. Iweke kando ya zile 120 za katriji tuliyoanza nayo, na uamuzi umejifanya. Printa ya tangi ni ghali siku ya kwanza. Uza unachoweza, jichange, nunua. Ukiwa unaprinti nyeusi tu na mara moja moja kwa mwezi, tafuta ya toneri iliyotumika, maana unga haukauki hata uiache likizo nzima.

Ile ya zamani usiitupe. Mpe kijana anayetafuta kazi, mwambie akae na skana tu.

Na wewe muuza duka, iwe Kariakoo au kwenye banda la Sabasaba, nakuomba: pale unapobandika bei ya printa kwa maandishi makubwa, bandika chini yake bei ya katriji na idadi ya kurasa zake. Mteja akishajua vyote viwili, anunue au aache kwa hiari yake.